Sahihi ya Babu

Sogeeni, ndugu zangu. Hili ninalotaka kusema linamhusu kila mwenye nyumba, kila mwenye wazazi, na kila mwenye kidole chepesi cha kujaza fomu. Mtacheka, najua. Chekeni tu. Mkimaliza, kila mtu ajitazame mwenyewe.

Palikuwa na nyumba yenye ukuta wa buluu na geti la bati. Katikati ya ua palikuwa na bomba la maji, na ng'ambo ya bomba palikuwa na choo, hatua kumi na tano kutoka mlango wa chumba cha Babu. Zishikeni hizo hatua kumi na tano, tutazihitaji. Kila asubuhi Babu alitoa kiti chake uani, akavaa miwani, akanywa chai vikombe viwili. Si kimoja wala vitatu, ni viwili. Alikuwa mgawa barua kwa miaka thelathini na moja, akitembea kwa miguu, mkoba begani, mvua na jua. Alistaafu na mambo mawili: mwandiko ambao hata walimu waliuonea wivu, na kovu la meno ya mbwa kwenye shavu la mguu wa kulia.

Aliishi na mwanawe, fundi bomba, mtu wa maneno machache. Aliishi pia na mjukuu wake wa miaka tisa, ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Maswali, kwa sababu hata usingizini aliuliza. Wa mwisho ni mkwewe, msusi mwenye saluni yake ya viti viwili. Huyu ndiye ninayetaka mumwangalie vizuri. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu, na roho yake nyeupe pe. Lakini haraka yake, jamani! Ukianza kumwambia "jana niliona," yeye ameshakuitikia "ehee, halafu?" Chungu kikiwa hakijachemka, yeye ameshapanga sahani.

Basi maisha yalikwenda kwa amani, mpaka siku muuguzi mmoja alipokalia kiti cha saluni kusukwa nywele, akatoa simu.

"Hebu mwone huyu," alisema.

Kwenye picha alikuwa mbwa mdogo wa jamii ya teria. Manyoya yake yalikuwa ya kahawia na meupe, magumu, yamesimama kama ya brashi ya viatu. Sikio moja lilikuwa juu, jingine limelala. Alitazama kamera kana kwamba anaidai majibu.

Mikono ya msusi ikasimama. Na mikono ya msusi ikisimama, mjue kuna jambo.

"Ni wa nani?"

"Bado si wa mtu. Kwangu yuko kwa muda tu." Muuguzi akaeleza kwamba yeye na wenzake wanajitolea. Wanawaokota mbwa waliotelekezwa, wanawatibu, kisha kila mmoja anamlea mbwa mmoja nyumbani kwake mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. "Huyu wapangaji walihama, wakamfungia stoo. Tulimkuta amekwaruza mlango mpaka kucha zinatoka damu. Nimempa jina Brashi. Hana makuu. Anachotaka ni kimoja tu, asiachwe peke yake mchana kutwa."

"Mimi nitamchukua!"

"Dada, hujasikia masharti."

"Nimeshayasikia!"

Alikuwa hajasikia hata moja. Furaha ilikuwa imempanda kichwani, na furaha nayo hulevya, msidhani ni pombe peke yake. Alishamwona Bi Maswali akikimbia na mbwa. Alishachagua pa kumlaza. Muuguzi akampa fomu aende nayo nyumbani, maana utaratibu wao ulitaka kila mtu mzima wa nyumba asome na kutia sahihi kwa mkono wake.

Jioni msusi aliketi mezani na fomu, Bi Maswali akiwa amelala kifudifudi kando yake. Swali la kwanza lilisema: *Nani atakuwa na mbwa mchana?* Fundi bomba alikuwa kazini kutwa, yeye mwenyewe saluni, mtoto shuleni. Akaandika: *Baba mkwe.* Swali la pili lilisema: *Je, nyumbani kuna anayeogopa mbwa?*

Hapo kalamu ilisita. Alilijua lile kovu. Alijua pia kwamba Babu akisikia mbwa akibweka mtaa wa tatu, hubadilisha njia. Kalamu ikasita, halafu ikaandika: *Hakuna.*

Kwa nini hakuinuka akabisha hodi chumba cha pili, ambako Babu alikuwa macho anasikiliza redio? Kwa sababu jibu alilijua. Hawa wasiouliza, ndugu zangu, huwa hawakosi jibu. Wanalo, ila hawalitaki.

Fundi bomba alitia sahihi yake huku anavua viatu, bila kusoma. "Umemwambia Baba?"

"Hilo niachie mimi."

Ilibaki nafasi moja tupu. Msusi akachukua kalamu, akaiga ule mwandiko mzuri wa mlazo, akamalizia na mkia mrefu chini.

"Mama," Bi Maswali aliuliza, "Babu anajua?"

"Atajua."

"Lini?"

"Akimwona."

"Na akimwona akikataa?"

"Wewe, hebu nenda kapige mswaki!"

Muuguzi hakuwa mjinga. Aliuliza kwa simu, "Baba amekubali?" Akajibiwa, "Kwa mikono miwili!" Aliuliza tena alipopokea fomu, "Kweli Baba amekubali?" Akajibiwa, "Anahesabu siku!" Jumamosi alimleta Brashi mwenyewe, akiwa amechagua asubuhi ili amsalimie mzee. Msusi naye alikuwa ameshapanga Babu aende kupimwa macho asubuhi hiyohiyo.

"Na Baba yuko wapi? Ningependa nimsikie mwenyewe."

"Ametoka kidogo, lakini ameacha salamu nyingi sana!"

Mnaona uongo unavyotaka kulishwa? Leo kijiko, kesho sufuria.

Muuguzi akatoa maagizo polepole. Siku kumi na nne za kwanza ni za majaribio. Mbwa akae ndani na mtu mchana, asifungwe nje peke yake. Avae mkanda wa kifuani wakati wote, kamba isiguse shingo yake. Geti lifungwe kwa komeo, si kuvutwa tu, kwa sababu mbwa aliyehama hajui bado kwao ni wapi. "Siku ya kumi na nne nitakuja. Ikiwa mmeshindwa, anarudi kwangu bila lawama. Ila mniambie ukweli."

"Ukweli mtupu!" alisema msusi, na mikono yake tayari ilikuwa kwenye manyoya.

Babu alirudi saa sita, miwani mipya usoni. Kitu cha kwanza alichokiona wazi kwa miwani hiyo kilikuwa mbwa.

Akaganda getini. "Huyu ni nani?"

"Ni mgeni tu, Baba. Wa mteja wangu. Siku chache."

Babu alipita akiwa amebandika mgongo ukutani, hatua kwa hatua, mpaka chumbani kwake, akafunga mlango. Msusi akasema moyoni, atazoea. Neno hilo "atazoea" limezika mengi.

Lakini jamani, Jumapili ile! Nisiwanyime haki yake. Brashi alizunguka ua mzima kwa pua, akapiga chafya kwenye unga wa sabuni, akafukua kiatu cha fundi bomba kilichopotea tangu mwaka juzi. Bi Maswali alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Fundi bomba, yule wa maneno machache, alisikika akimwambia mbwa, "Sasa mheshimiwa, unaonaje ukiniachia soksi yangu?" Msusi alipiga picha mpaka simu ikazima. Usingempenda mbwa yule, ningekutilia shaka.

Jumatatu ikaja na ukweli wake. Watu watatu walitoka, na Babu akajifungia. Mbwa angekaa ndani na nani? Msusi alitazama saa, akatazama mlango wa Babu, akachukua kamba ya kuanikia nguo, akamfunga Brashi kwenye bomba la maji. "Ni leo tu," alimwambia. Kesho yake alisema hivyohivyo.

Sasa zirudieni zile hatua kumi na tano. Bomba lilikuwa katikati ya chumba cha Babu na choo, na kamba iliruhusu mbwa kufika kila upande. Mzee wa miaka sabini na minne alisimama dirishani kila asubuhi, akapima kwa macho, akakuta hakuna pa kupita. Akafikiria, akapata dawa: asiyekunywa hahitaji kwenda.

Vikombe viwili vikawa kimoja. Kimoja kikawa nusu. Siku ya sita msusi alikuta kikombe kimejaa na kimepoa.

"Baba, mbona hujanywa?"

"Sina kiu, mama."

"Haya, nitakuwekea jioni!" Akatoka mbio. Saluni ilikuwa imefurika. Alikuwa amebandika picha za Brashi kuzunguka kioo, na wateja walikuja hata wasio na nywele za kusuka, kuzitazama picha tu. Mtaa mzima ulijua kwamba Brashi halali bila blanketi lake. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mzee mle ndani alikuwa anahesabu mafunda ya maji.

"Mama," Bi Maswali aliuliza siku ya nane, "kwa nini midomo ya Babu imepasuka?"

"Ni upepo."

"Mbona yangu haijapasuka?"

Mama alikuwa ameshafika getini.

Siku ya kumi, asubuhi, msusi aliuanika mkanda wa kifuani. Alikuwa ameufua ili upendeze kwenye picha. Akamfunga mbwa kamba shingoni, "ni leo tu", akatoka na simu sikioni akimwelekeza mteja njia. Geti alilivuta kwa kisigino. Komeo hakuligusa.

Saa saba mchana alirudi kuchukua mfuko wa rasta aliousahau. Geti lilikuwa wazi. Uani mbwa hakuwepo. Babu alikuwa ameketi chini, kwenye saruji, ameegemea bomba, kisu cha jikoni mkononi na kipande cha kamba miguuni.

"Baba! Umefanya nini?" Mfuko wa mkononi ulianguka, na sauti yake ikapanda. "Umemkata kamba ukamfukuza! Nilijua! Humpendi tangu alipoingia! Nitamwambia nini mtoto? Nitamwambia nini yule dada?"

Babu alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Akanyoosha kidole kwenye bomba.

Msusi alitazama ili apate la kuongeza kelele. Akaona kamba imezunguka bomba mara nne, mara tano, imebana kama saa iliyotiwa ufunguo kupita kiasi. Mwisho wake ulikuwa umebaki shubiri moja tu. Pale ilipokatwa palikuwa na manyoya ya kahawia, yamenasa kwenye nyuzi. Kisha akaitazama ile midomo ya mzee, iliyopasuka.

Kelele zikamwisha. Alifungua bomba, akajaza kikombe, akapiga magoti akamnywesha. Babu alikunywa. Akanywa cha pili. Msusi akaona jinsi koo lile linavyofanya kazi, akaelewa mambo ya siku kumi kwa mara moja, na machozi yakamtoka bila kuombwa.

"Alikuwa anazunguka," Babu alisema alipopata sauti. "Kila akizunguka, kamba inapungua. Nikamsikia analia. Halafu nikaacha kumsikia. Hapo ndipo nikatoka. Nimemkata, akanipita katikati ya miguu. Geti lilikuwa wazi."

"Baba, unaogopa kiasi hicho, kwa nini hukuniambia?"

Babu alimtazama kwa ile miwani mipya.

"Nani aliniuliza, mwanangu?"

Hakuipaza sauti. Angeipaza, isingeuma hivyo. Msusi alifuta uso kwa mkono wa nguo na kusema lililobaki. "Baba, Brashi si mgeni. Tumemchukua awe wetu. Kwenye fomu niliandika kwamba utakaa naye wewe. Niliandika kwamba humu hakuna anayeogopa. Na sahihi yako niliitia mimi."

"Sahihi yangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Barua za rejista," alisema mzee, "zinatiwa sahihi na mwenyewe tu. Kuna mlango nilirudi mara tatu kwa miguu, kwenye mvua, jirani ananiambia nipe nitie mimi. Nikakataa. Miaka thelathini na moja, sikumtilia mtu sahihi. Leo nimetiliwa ndani ya nyumba yangu."

Msusi akamshika mzee miguu.

"Nisamehe, Baba."

"Tutafika huko. Kwanza mbwa. Yule dada anakaa wapi?"

"Nyuma ya kiwanda cha sabuni, geti la kijani."

"Basi anakwenda huko. Kwao bado ni kule. Lete fimbo yangu."

"Baba, upumzike! Utaanguka!"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mitaa hii nimeilalia. Wewe utakwenda barabara kuu ukilia jina lake, na yeye hayuko barabara kuu. Mbwa mwenye hofu hafuati barabara, anafuata ukuta. Nimewasoma hawa kwa miaka yote hiyo. Mtu husoma vizuri anachokiogopa. Jaza chupa ya maji, twende."

Na wakaenda, ndugu zangu! Mbele mzee na fimbo, nyuma msusi na chupa, aproni ya saluni bado kiunoni, huku anampigia simu mumewe akutane nao nyuma ya kiwanda cha sabuni, "usiniulize kuna nini, njoo tu!" Walifuata ukuta wa shule. Walikata kwenye uchochoro wa maseremala, na hapo fundi mmoja akawapokea amefura.

"Ninyi ndio wenye kile kidubwana? Kimepita hapa mbio, kimekanyaga sahani yangu ya vanishi!"

"Kimeelekea wapi?" msusi aliruka kwa furaha. Seremala alishangaa kwa nini mtu anafurahia hasara yake.

Hakuhitaji kujibu. Alama zilikuwa pale chini, nyayo ndogo za vanishi, nne nne, zinang'aa kwenye saruji. "Anakwenda kulia," alisema Babu, na mwendo wake ukabadilika, ukawa ule wa zamani, wa mtu mwenye mkoba uliojaa. Wakavuka daraja dogo la reli. Alama zikafifia, zikarudi. Wakanusa sabuni kabla hawajakiona kiwanda. Wakapinda kona ya mwisho, na msusi akapiga yowe.

Chini ya geti la kijani palikuwa na shimo. Kwenye shimo palikuwa na nusu ya mbwa. Kichwa na mikono vilikuwa ndani, na huku nje kulibaki miguu miwili ya nyuma na mkia. Brashi alikuwa amejichimbia njia ya kurudi kwao akakwama kiunoni, na mwenye nyumba alikuwa kazini hospitali. Alikuwa amechoka hata kulia.

Fundi bomba alifika na koleo lake la kufukulia mabomba, akaanza kuchimba upande. "Mtu amshike," alisema, "asije akaruka nikamkata."

Msusi alijitupa chini, lakini Babu alikuwa ameshamtangulia. Alikunja suruali, akakaa mchangani, akanyoosha mikono miwili, akaishika ile nusu.

"Baba, una uhakika?"

"Upande huu nauweza," alisema Babu. "Upande huu hauna meno."

Msusi alicheka na kulia kwa pamoja, kitu ambacho hata kwa haraka zake hakuwahi kukifanya. Koleo likala mchanga, geti likalegea, na Brashi akachomoka kinyumenyume, akaangukia mapajani kwa mzee, sasa akiwa na pande zote mbili. Babu akafumba macho akangoja kung'atwa. Akangoja. Kilichokuja ni unyayo wenye vanishi, ukatua kifuani kwake, kwenye shati jeupe. Alama ile haijatoka mpaka leo.

Muuguzi aliwakuta hivyo, bado wako chini, watatu na mbwa, na sare yake ya kazi mwilini.

Fundi bomba akafungua mdomo amtetee mkewe. Mkewe akamzuia. "Niache niseme mwenyewe. Dada, uliniuliza mara tatu kama Baba amekubali, na mara tatu nilikudanganya. Sahihi niliiga. Mbwa nilimfunga nje. Baba amejinyima maji siku zote hizi kwa kuogopa kupita uani, na mimi nilikuwa nabandika picha."

Muuguzi kwanza alimshika mzee mkono, akaivuta ngozi kidogo, akaona inavyochelewa kurudi. Kisha akambeba Brashi.

"Huyu anabaki kwangu," alisema. "Na huyu mzee anapelekwa hospitali sasa hivi, maana zilibaki siku chache tu azidiwe. Ningekuja siku ya kumi na nne nikute nini, dada? Nikute msiba?"

Babu alilazwa siku mbili. Msusi alifunga saluni siku zote mbili, akakaa kando ya kitanda. Lililokuwa gumu zaidi lilimkuta nyumbani.

"Brashi yuko wapi?" aliuliza Bi Maswali.

"Amerudi kwa muuguzi. Kwa sababu mama alidanganya."

"Ulidanganya nini?"

Akajibu. Yalikuwa maswali kumi na saba, na safari hiyo yote yalijibiwa.

Jumapili iliyofuata msusi alitoa kiti cha Babu uani, akaleta vikombe viwili vya chai, akavuta kigoda akakaa kando yake.

"Baba, nataka nikuulize. Unakubali tumchukue Brashi awe wetu?"

"Hapana."

Msusi wa zamani angekuwa ameshadakia. Huyu alifumba mdomo. "Sawa, Baba," alisema, na ilimuuma, na akabaki ameketi palepale.

Babu alimaliza kikombe cha kwanza polepole. "Leo nimesema hapana. Sijasema nisiende kumjulia hali. Yeye alinijulia yangu pale getini."

Jumamosi alikwenda na mjukuu, akasimama nje ya geti la kijani. Jumamosi ya pili aliingia, akakaa mbali. Ya nne alishika kamba. Ya sita, Bi Maswali alirudi mbio amekatika pumzi. "Babu ameongea naye! Amemwambia habari za barua!" Ya nane, Babu alirudi nyumbani na fomu mpya, akadai kalamu nzuri, na asisumbuliwe.

Alijaza mchana mzima. Kisha akavaa shati jeupe lenye alama ya unyayo, akachukua ule mkoba wa zamani, akaiweka humo karatasi moja peke yake, akatembea mpaka nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nyumba nzima ilimfuata kwa nyuma, hakuna aliyethubutu kumpita.

"Hodi!" aliita getini, kwa sauti iliyowahi kufungua milango elfu. "Barua ya rejista! Mwenyewe atoke atie sahihi!"

Ndani Brashi alibweka. Babu alishtuka, akarudi hatua moja nyuma, halafu akaja tena mbele hatua mbili.

Muuguzi akasoma amesimama. *Nani atakuwa na mbwa mchana? Mimi.* Akashuka chini. *Je, nyumbani kuna anayeogopa mbwa?* Hapo, kwa mwandiko ule wa mlazo, palikuwa pameandikwa: *Ndiyo, yupo. Ni mimi. Mbwa amearifiwa na hana pingamizi.* Chini yake ilikuwa sahihi yenye mkia mrefu, ya mwenyewe.

Siku hizi ukipita nyumba ile ya buluu asubuhi, utamkuta mzee kwenye kiti chake. Anakunywa vikombe viwili. Mbwa yuko chini ya kiti, mkanda kifuani, geti limekomewa. Na msusi kabla ya kutoka husimama, hata akiwa amechelewa, akauliza, "Baba, leo unaonaje?" Kisha husubiri mpaka amalize kujibu.

FUNZO LENYEWE

Ndugu zangu, msiseme hadithi hii inahusu mbwa. Wangapi humu tumewaandikia wazee wetu mizigo bila kuwauliza? Tumewaachia wajukuu, nyumba za kulinda na wagonjwa wa kuuguza, tukasema "Baba yupo tu nyumbani, atakaa naye." Huyo Baba yupo, ndiyo, lakini ni mtu. Ana hofu zake, na ana haki ya kusema hapana.

Wema unaofanywa kwa jina la mwingine bila ridhaa yake huzaa mateso mawili, ya aliyeletewa na ya aliyeletwa. Ukitaka kumwokoa kiumbe mmoja, tazama kwanza usiwe unamfungia mwingine ndani. Uliza, na jibu likiwa hapana, lipokee. Hapana iliyosikilizwa inaweza kukua ikawa ndiyo, ila ndiyo ya kughushi hailei mtu wala mbwa.

Na ukirudi kwako leo, angalia vikombe vya wazee wako. Ukikuta kimoja kimejaa na kimepoa, usiseme ni upepo.